Bukuru, Butoyi na Madabodi ya Parokia

Kabla hujafungua kompyuta ya mtu, muulize ndani yake kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote. Mimi nimefanya ufundi huu miaka ishirini na sita, na swali hilo nilianza kuliuliza mwaka wa mwisho. Nawaambia ninyi vijana mnaoingia kazini hapa Kasulu na bisibisi mpya mifukoni, ili mtangulie kidogo pale mimi nilipochelewa.

Sasa nimestaafu. Macho yameanza kuona skrubu mbili palipo na moja, na fundi anayeona skrubu za ziada ni hatari kwa mteja. Naitwa Chiza. Wenyeji wameshajua kwamba nilizaliwa nikiwafuata pacha. Kwa wageni nieleze: kwetu Waha, na kwa ndugu zetu Warundi vilevile, pacha anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto atakayekuja baada yao ni Chiza, apende asipende. Nimekulia Kitahana nyuma ya kaka zangu hao wawili. Chakula kikiiva, aliitwa Bukuru. Baba akiuliza nani kavunja mtungi, alijibu Bukuru, na jibu lake ndilo lililosimama hata kama aliyeshuhudia ni Butoyi. Nimekua nikijua kwamba ndivyo dunia ilivyopangwa, na sikuwahi kuona sababu ya kuchunguza.

Ufundi nilijifunza Kibondo, kwa Mzee Shomari. Alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja huku milimani kuuza redio, akageuka fundi redio kwa sababu alizouza zilikuwa zinarudi. Kompyuta zilipoingia mjini alizipokea kama alivyopokea kila kitu, kwa kuzifungua kwanza na kufikiri baadaye. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kubadilisha madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuubadilisha na kuiacha windo ya mteja ikiwa nzima.

Nieleze hapo, maana wengi wenu mnapapita mbio. Windo, yaani mfumo endeshi, imezoea ubao wake. Inajua diski yake inaipata kwa njia gani. Ukiiwekea ubao wa kabila jingine, inaamka, inaitafuta diski kwa njia ya zamani, inaikosa, na inakupa skrini ya buluu. Hapo fundi mwenye haraka anapiga windo upya: anafuta kila kitu na kuanza moja. Mteja anarudishiwa kompyuta safi isiyokumbuka chochote. Anashukuru sana, anakwenda zake, na baada ya saa moja yupo mlangoni anauliza ripoti zake za shule ziko wapi.

Njia ya Mzee Shomari ilikuwa hii. Kama madabodi ya zamani bado inapumua, usiitoe kwanza. Iwashe, ingia ndani, iambie windo iache dereva maalumu ya diski, yaani kijiprogramu cha kuiendesha, na ishike ile ya kawaida inayoelewana na kila ubao. Hilo yeye aliliita kuaga. Kama madabodi imekwisha kufa na hakuna wa kuagana naye, basi ukishafunga mpya ingia kwenye seti zake, ile mipangilio ya ubao wenyewe, kabla windo haijaamka, uweke diski zisomwe kwa namna ileile zilivyokuwa zikisomwa kule zilikotoka. Dereva ya mtandao iwe kwenye flashi tayari, maana ukishafunga ubao mpya huna mtandao wa kuitafutia dereva ya mtandao. Mimi nimewahi kukaa siku nzima nikilitafakari hilo.

Kosa langu la kwanza kwenye madabodi halikuwa hata la windo. Chini ya ubao kuna vikalio vidogo vya shaba vinavyouinua usiguse bati la boksi. Boksi la mteja lilikuwa na vikalio tisa, na madabodi mpya ilikuwa na matundu sita. Nikaona kuving'oa vitatu ni kuharibu mali ya watu, nikaviacha. Nilipowasha, kimoja kati ya vilivyozidi kilikuwa kinagusa mgongo wa madabodi, na duka zima likanuka pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mzee Shomari akaniuliza kama nasikia harufu. Nikasema naisikia. Akasema vizuri, basi pua ni nzima, tutaanzia hapo.

Mteja alipokuja aliambiwa ni umeme. Huo ulikuwa utaratibu wa duka. Kilichounguzwa na mikono yetu kiliunguzwa na umeme, na kwa kuwa umeme wa Kibondo miaka ile ulikuwa wa jenereta na ulikuwa na mambo yake, hakuna aliyebisha. Siku moja alikuja mteja anayetumia sola. Mzee akafikiri kidogo, akalaumu jua. Mnacheka, lakini nimepita kwenye maduka yenu na nimesikia mnayowaambia wateja.

Kisa nilichotaka kuwapa ni cha mwaka wangu wa mwisho kazini. Jumatatu moja asubuhi alikuja dukani kwangu hapa Kasulu Nestori, katekista wa parokia moja ya huku, akiwa amepakata kompyuta juu ya bodaboda, kaifunga kwa kitenge. Parokia siitaji kwa sababu haikukosa. Nyuma yake, kwenye pikipiki ya pili, alikuwepo binti mmoja fundi cherehani anayeitwa Odeta.

Kompyuta hiyo parokia iliachiwa na shirika lililofunga ofisi zake wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa. Ndani yake mlikuwa na rejesta ya watoto waliobatizwa kambini tangu miaka ile ya mwanzo. Nestori alikuwa ameinakili kutoka kwenye vitabu vya karatasi, jioni baada ya jioni, miaka mitatu, na mchwa walikuwa wanamfuata nyuma wakila kitabu alichomaliza. Programu ya rejesta ilitengenezwa na kijana mmoja wa kambini ambaye baadaye alihamishiwa Kanada. Hakuacha sidii, hakuacha namba ya simu. Kupiga windo upya kulikuwa na maana ya kuiua programu, na pamoja nayo watu wote waliokuwa ndani.

Odeta alikuwa mmoja wao. Alibatizwa Mtendeli akiwa mchanga, na Jumamosi ya wiki ileile alikuwa anafunga ndoa. Padre hafungishi ndoa bila cheti kipya cha ubatizo, na cheti kingetoka kwenye kompyuta hiyo tu. Kule Kibondo wakwe walikuwa wameshakamua ndizi, na urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, ikishakamuliwa haipokei barua ya kuahirisha. Binti alisimama karibu na mlango muda wote. Nilipomaliza kuandika risiti ya kupokea mashine, ndipo aliposema.

"Mama Fundi, harusi hii imeshaahirishwa mara moja kwa ajili ya cheti. Mama mkwe mwenyewe aliniambia, wakija mara ya pili wakakuta hakuna, hawaji ya tatu."

Nikamwambia aende akashone gauni lake. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuacha vikalio vitatu ndani ya boksi.

Nilipofungua, kapasita nne, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba matumbo na madabodi ilikuwa imekufa kabisa, hakuna kuagana. Ndani nikakuta jambo la kupendeza: diski mbili, za aina moja, za ukubwa mmoja. Ni mpango wa ofisi kubwa. Kila kinachoandikwa kinaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, ili ikifa moja nyingine iendelee na kazi. Nikacheka peke yangu. Nikachukua kalamu ya wino mzito, iliyokuwa kwenye soketi ya kwanza nikaiandika Bukuru, ya pili nikaiandika Butoyi. Kisha sikutoa nakala. Mzee Shomari alinifundisha kutoa nakala kabla ya kugusa chochote, lakini niliona pacha ni nakala tayari. Hilo liandikeni: diski pacha si nakala. Ukikosea unawakosea wote wawili.

Madabodi nyingine niliipata kwenye kompyuta kuukuu ya kabila tofauti. Nikahesabu vikalio. Nikapiga picha za waya kabla ya kuzichomoa, hasa zile nyembamba za kitufe cha kuwashia, ambazo zamani tulikuwa tunazichora kwenye daftari na kukosea. Nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikachomeka Bukuru peke yake, nikaweka seti za diski kama za zamani, nikawasha. Ikazungusha vidoti vyake, ikajizima na kujiwasha mara mbili, ikatulia. Windo ileile, picha ileile ya Bikira Maria aliyoiweka Nestori, na ikoni ya rejesta mahali pake. Nestori, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akapiga makofi taratibu kama anamsalimia mzee. Nilijisikia vizuri sana, sitaficha.

Kilichobaki kilikuwa kuwarudisha pacha pamoja, kwa sababu ubao mpya haukujua kama ni pacha. Nikachomeka Butoyi. Programu ya kuwaunganisha ikauliza diski ipi inakiliwe, na ikaonya kwamba iliyobaki itafutwa. Muha aliyelelewa vizuri hamuulizi Butoyi wakati Bukuru yupo. Nikachagua Bukuru, nikabonyeza ndiyo, kazi ikaanza nyuma ya skrini, polepole. Nikamwambia Nestori wakati tunasubiri afungue rejesta, tutoe cheti cha binti.

Akatafuta Odeta. Hakuna. Akatafuta kwa jina la mama yake. Hakuna. Akashuka hadi mwisho wa orodha akakaa anaitazama.

"Mama Fundi, haya majina yanaishia niliyoyaandika hadi Pasaka ya mwaka jana. Wengine wote niliowaandika wako wapi?"

Nikamuuliza, jambo ambalo nilipaswa kumuuliza Jumatatu asubuhi, kama mashine ilikuwa na tabia yoyote isiyo ya kawaida ilipokuwa nzima. Akasema hapana. Kisha akakumbuka kwamba tangu mwaka jana kila asubuhi ilikuwa inaleta mstari mwekundu kabla ya kuamka. Alikuwa anabonyeza kitufe, mstari unaondoka, anaendelea.

"Mimi nilijua inasalimia," akasema.

Ilikuwa inamwambia kwamba diski moja imeacha kuandika. Iliyoacha ni Bukuru. Zaidi ya mwaka mzima Butoyi alikuwa anafanya kazi peke yake, na sasa mimi nilikuwa nafuta alichokiandika na kumjazia ya zamani ya kaka yake. Nilichomoa waya ukutani kwa nguvu hata soketi ikatoka nayo. Namba ya mwisho niliyoiona kwenye skrini ilikuwa asilimia tisa.

Vijana, kuna ubaridi fulani unaoanzia kwenye vidole. Sijui kama ninyi mmewahi kuupata. Niliketi kwenye kigoda na Nestori akaniletea maji, na sikuweza kumwangalia.

Siku tatu zilizofuata nilifanya kila kitu kwa namna ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Nilinakili Butoyi jinsi alivyo, na majeraha yake, kwenye diski ya tatu. Nikafanya kazi kwenye nakala tu. Windo nzima ya Bukuru nikaiacha iendeshe programu, na majina nikayachimbua kutoka kwa Butoyi kwa programu ya kufukua, kipande kwa kipande. Alhamisi mchana rejesta ikafunguka ikiwa na karibu kila mtu. Kila aliyebatizwa alikuwa na namba yake, kwa hiyo mapengo yalihesabika. Namba thelathini na moja zilikuwa zipo bila majina. Nikatafuta Odeta mara tatu, ya tatu herufi moja moja.

Mchana huohuo umeme ukakatika Kasulu nzima, kama mtu anayejitolea kubeba lawama. Nestori naye, kwa wema wake, akasema atamwambia Padre kwamba ni umeme, na kwamba Padre ataelewa kwa sababu hata parokiani umekatika. Nilitamani sana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano ya mazoezi, na jina langu katika mji huu nimelijenga mwenyewe, mwanamke, kwenye kazi ambayo wateja walikuwa wakiingia dukani wanauliza fundi yuko wapi huku wananitazama. Lakini nilifikiri hivi. Kama ni umeme, basi limepita, ni mipango ya Mungu, na kila mtu anakwenda nyumbani. Kama ni mimi, basi kuna mtu anayepaswa kuendelea kutafuta. Na Odeta alihitaji mtu wa kuendelea kutafuta.

Nikaenda parokiani kwa miguu. Odeta alikuwepo, amekaa kwenye benchi la nje, gauni liko kwenye mfuko wa nailoni mapajani. Nikamwomba aingie naye asikie.

"Padre," nikasema, "rejesta imepona isipokuwa watu thelathini na mmoja. Odeta yumo. Si umeme. Ni mimi niliyefuta."

Odeta aliangalia mikono yake. Ningependelea wapige kelele. Kisha Padre akauliza kama kuna namna yoyote ya kuyapata majina hayo kwenye mashine, nikasema hakuna, nimekwisha kutafuta kote. Akaeleza kwamba Kanisa halitegemei karatasi tu. Kama yupo mtu mwaminifu aliyekuwepo siku ya ubatizo, aje aape, na yeye ataandika. Mama yake Odeta alikuwa amefariki. Aliyebaki ni msimamizi wake wa ubatizo, mama mmoja anayeitwa Felisita, ambaye mara ya mwisho alisikika analima Muyama. Simu yake haipatikani. Padre akasema anamhitaji kabla ya jua la kesho kuzama. Nikasema namfuata mimi.

Ijumaa alfajiri nilipanda bodaboda hadi Muyama, na ilinichukua nusu ya asubuhi kuuliza shamba kwa shamba. Nilimkuta kwenye maharage, mama mkubwa kuliko mimi, mwembamba, mwenye jembe lililoisha ncha. Nikapiga makofi kumsalimu, akaitikia. Nikamweleza yote tukiwa tumesimama, hadi kile kitufe cha ndiyo.

"Kitabu kililiwa na mchwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta nimeila mimi."

Akanitazama kidogo, akasema "Ego," ndiyo ya Kiha, akaenda kunawa miguu.

Parokiani Padre alimwapisha, akamuuliza tarehe. Felisita alisema tarehe hajui, hajawahi kuishi na tarehe. Anajua ilikuwa Jumapili ya mvua, turubai la kanisa lilichanika, watoto walikuwa sita na Odeta ndiye wa mwisho, na yeye alikuwa amemshika mtoto kwa mkono mmoja na kushikilia turubai kwa mwingine. Akaanza kuwataja watoto watano waliotangulia, kwa majina ya mama zao. Nestori, aliyekuwa ameshairudisha mashine parokiani umeme uliporudi, akafungua rejesta. Wote watano walikuwemo, siku moja, wamefuatana, na baada ya wa tano palikuwa na namba isiyo na jina.

Padre alitoa kitabu kipya cha karatasi na kukiweka mezani. Alipotaka kuandika, Felisita akamzuia kwa mkono.

"Aandike huyu aliyefuta," akasema.

Nikaandika. Jina la Odeta, jina la mama yake, la baba yake, siku, mahali, msimamizi. Mwandiko wangu si mzuri, nimezoea bisibisi. Felisita, ambaye hakusoma shule, akaniambia nisome. Nikasoma. Akasema nisome tena. Nilipofika kwenye jina la marehemu mama yake Odeta nililazimika kuanza mstari upya. Odeta alikuwa analia bila sauti, na mimi pia. Akanisomesha mara ya tatu, kisha akaweka dole gumba. Jumamosi harusi ilifungwa, na mimi niliketi upande wa bibi harusi.

Wiki iliyofuata niliwaachia wengine duka. Kitabu kile Padre amenikabidhi, nacho ndicho kazi yangu siku hizi. Nimekwenda nacho Kibondo, Kitahana, na tena Muyama, nikiuliza nani alimbeba nani. Zilikuwa namba thelathini zilizobaki. Kumi na nane zina majina sasa, kila moja kwa mwandiko wangu na dole gumba la mtu.

Zimebaki kumi na mbili. Kama mama yako aliwahi kukuambia ulibatizwa Mtendeli, na ukienda parokiani jina lako halionekani, ni mimi niliyekufuta. Njoo na mtu aliyekubeba siku ile. Nitaandika, na nitasoma mara nyingi kadiri atakavyotaka.